Sufuria ya Mama Solange

Kadi ilikuwa nyeupe, imekunjwa katikati ili isimame yenyewe mezani, na mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika juu yake kwa wino mzito: Makaroni ya Elkana. Nilisimama mbele yake na sahani tupu mkononi. Niliisoma, nikavua miwani nikaifuta kwa ncha ya kitenge, nikaisoma tena kwa matumaini kwamba macho ya uzeeni yamenidanganya. Hayakunidanganya. Tulikuwa tumekutana Lodwar, sisi tuliofanya kazi ya lishe kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma tukiwa vijana, watu kama ishirini hivi tuliobaki na nguvu za kusafiri, na kila mmoja aliombwa alete chakula kinachomkumbusha miaka ile. Wengi walileta githeri na samaki wa kukausha. Lakini ile sufuria ya mwisho niliijua kabla haijafunuliwa mfuniko, maana harufu yake ilinifikia mlangoni: nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe, nyanya ya mkebe, na jibini yenye moshi. Kote nilikokula duniani, na nimekula kwingi, jibini yenye moshi wa namna ile niliionja kwa mtu mmoja tu, na huyo mtu hakuwa Elkana.

Elkana mwenyewe alikuwa ameketi mbele, kwenye viti vya wageni wa heshima, fimbo katikati ya magoti. Zamani tulimwita daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa mkuu wa kitengo chetu, lakini alikuwa na koti jeupe na hakuna aliyethubutu kumuuliza amelitoa wapi. Aliponiona akainua mkono kama askofu.

"Akai! Ejok?"

"Ejok," nikamjibu salamu yetu ya Kiturkana.

"Umeonja? Mama watoto amejaribu, lakini haijafika ile niliyowafundisha Kakuma."

"Ulimfundisha nani?"

"Si nyinyi wote! Umesahau? Umezeeka, Akai." Akacheka, na walioketi karibu naye wakacheka pia, kama walivyokuwa wakicheka zamani kila alipocheka yeye. Nilienda nikakaa na sahani yangu tupu. Sikuitia kitu, na jirani yangu mezani akadhani ni sukari, akanisogezea soda. Haikuwa sukari. Nilikuwa nimepandwa na hasira ambayo sikuijua tangu nilipostaafu, hasira ya kumtazama mtu akitafuna jasho la mwenzake, macho makavu, mbele ya watu, na kupigiwa makofi juu yake.

Mwaka ule wa Kakuma nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la unga Kakuma mjini, chumba cha mabati juu na mabati ubavuni, kiasi kwamba saa nane mchana hata chuma cha kitanda kilikuwa hakishikiki. Nilikula chai na mkate asubuhi, na jioni nilikula mkate uliobaki kwa chai iliyobaki. Kupitia ukutani niliwasikia wenye duka wakibishana siku nzima juu ya gunia lililoliwa na panya. Kazi yangu ilikuwa kuvuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, kila asubuhi kuingia kambini, nyumba kwa nyumba, na utepe wenye rangi tatu, nikiwapima watoto unene wa mkono na kuandika majina yao kwenye daftari. Ndivyo nilivyokutana na Mama Solange. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, mlango wa madebe yaliyokunjuliwa na kupigwa misumari, na ndani hamkuwa na mtoto wa kupima. Nikataka kupita. Akanizuia mlangoni, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili.

"Weye unapimaka mikono ya batoto," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ya kwako, ni nani anapimaka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nije Jumapili baada ya misa, na nije na njaa. Karibu mwaka mzima nilienda, Jumapili baada ya Jumapili. Niliketi kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, mgongo ukutani ambako palikuwa na ubaridi kidogo, nikamtazama akipika. Siku moja nilimuuliza Solange yuko wapi. "Ku Masisi, kwa bibi yake," akajibu, akaongeza kuni ambazo hazikuhitajiwa. Sikuuliza tena.

Alianza na nyama. Kakuma kila siku ni mbuzi, lakini Jumamosi palichinjwa ng'ombe, na Jumamosi jioni alikuwa na kipande chake kimefungwa kwa karatasi, chenye mafuta pembeni, kwa sababu mafuta ndiyo aliyoyataka. Aliyakata kwanza, akayayeyusha sufuriani, akatupa nyama juu yake iliyokatwa vipande vya ukubwa wa harage, ili kila kijiko kipate chake. Aliiacha ikauke na kushika chini mpaka mimi nikaanza kuhangaika kwamba inaungua. Hapo ndipo alipotia kitunguu, kitunguu kikatoa maji, na ile rangi ya hudhurungi iliyoshika chini ikabanduka yenyewe. Kisha kitunguu saumu, kijiko cha nyanya ya mkebe, pilipili moja kavu iliyopasuliwa. Halafu maji, vikombe vinne vya bati, vilivyopimwa kama dawa. Halafu makaroni, mabichi, moja kwa moja humohumo. Akafunika, akaweka makaa matatu juu ya mfuniko, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa.

Makaroni yenyewe yalitoka kwa duka la Msomali mmoja aliyekuwa na ubishi mwingi kuliko bidhaa. Kila mara alimwambia kwamba kuyapika hivyo ni makosa makubwa. "Baasto inachemshwa peke yake, mama. Halafu unamwaga maji." Mama Solange alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Bomba la kambini lilifunguliwa asubuhi na kufungwa kabla jua halijakaa sawa, na watu walikaa foleni na mitungi tangu giza. "Unamwanga maji? Hapa? Weye ulizaliwa ku mutoni?" Yale maji hakuyamwaga hata tone. Makaroni yaliyanywa yote pamoja na utamu wa nyama, na kuni zilizotumika ni zile za sufuria moja. Mama mmoja wa Kiturkana aliyezileta alizikata mbali na kuzibeba kichwani, akazibadilisha kwa unga, na kuni hizo hazikuwa za kuchezewa. Leo naona watu wakisifiwa kwa kupika namna hii, kwamba ni akili mpya ya kubana matumizi. Mwanamke yule hakujali jipya wala la zamani. Alikuwa na fungu moja la kuni na vikombe vinne vya maji, na alikataa katakata kula vibaya.

Na jibini. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwao, kwenye milima ya Masisi, alikuwa amefanya kazi kwa watu waliotengeneza jibini, na alikuwa ameapa kwamba kambi haitamnyang'anya ufundi wake. Maziwa alinunua kwa Nakiru, mama wa Kiturkana aliyevuka laga kila siku tatu na vibuyu vyake. Mara ya kwanza Nakiru alimletea maziwa ya ngamia, kwa heshima, kwa kuwa ndiyo bora. Mama Solange aliyapasha moto mpaka mkono ukashindwa kuvumilia ubavu wa sufuria, akayaacha yapoe, akatia maji ya kipande cha tumbo la mwanambuzi anyonyaye, lililokaushwa kwa chumvi. Yakakataa kuganda. Akangoja siku mbili, yakabaki maziwa tu, yamechacha. Akalia kwa hasira. Mara ya pili akaomba ya mbuzi, yakaganda vizuri, yakakamuliwa kwenye kitambaa, yakawekwa chini ya jiwe, na alipoyaonja akatema: jibini nzima ilikuwa na ladha ya moshi. Alikuwa hajui kwamba sisi Waturkana hatuweki maziwa kwenye kibuyu ambacho hakijasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto. Nilikuwa mkalimani wa ugomvi ule, na nadhani sijawahi kufurahia kazi yoyote kama ile.

"Ambia yeye," akasema Mama Solange, "jibini haivutake sigara!"

Nakiru akanisikiliza, akakunja midomo. "Maziwa bila moshi ni ya kuoza," akasema. "Yeye anataka kuoza? Na hiyo tumbo anaweka ndani, sisi tumemuuliza?"

Jumapili ile, kwa kuwa hapakuwa na nyingine, akaifikicha ileile yenye moshi kwa ajili ya makaroni. Alitoa sufuria motoni, akaitawanya jibini juu, akafunika tena, akasema Salamu Maria kumi kwa sauti ya chini, kwa maana ndiyo saa aliyokuwa nayo. Alipofunua, jibini ilikuwa imelainika na kushikana na nyama, na ule moshi ulikuwa umepata mahali pake. Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Kisha akasema nimwambie Nakiru kwamba asibadilishe chochote, hata kibuyu. Tangu siku ile sikumbuki Jumapili tuliyokula kitu kingine. Nilinenepa. Alipima mkono wangu kwa utepe wangu mwenyewe, akatangaza matokeo kwa majirani.

Mimi ndiye niliyempeleka Elkana kwake. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimeizunguka sentensi hiyo miaka mingi. Nilijivuna. Nilitaka mkubwa wangu aone kwamba nina watu, kwamba kuna nyumba ninakopikiwa. Alikuja Jumapili moja na koti lake, akapewa kiti pekee chenye mgongo, akala sahani mbili, na ya pili akaifuta kwa kidole. Akauliza maswali. Tumbo la mwanambuzi linakaushwa siku ngapi? Maziwa yanapashwa mpaka wapi? Mama Solange alimweleza yote kwa furaha, akafuta mikono, akamshika hata kidole akakiweka ubavuni mwa sufuria ili ajue joto lenyewe. Elkana akaandika kila kitu kwenye daftari dogo la mfukoni. Aliondoka akisema asante mama, asante mama, mara nyingi kupita kiasi.

Wiki iliyofuata akaniita ofisini. Wageni wanakuja, akasema, wenye fedha za miradi, na haifai wakute watu wanatengeneza jibini za kienyeji ndani ya kambi bila usimamizi. Zitaleta ugonjwa. Zote zimwagwe, pamoja na vyakula vilivyotiwa jibini hizo. Alisema zote, kana kwamba kulikuwa na viwanda. Kambi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu.

"Anapasha moto, daktari," nikasema. "Umeona mwenyewe. Na wewe ulikula."

"Akai," akasema bila kuinua macho, "mkataba wako unaisha mwezi gani?"

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilibisha, kwamba niligonga meza. Hakuna mtu aliyebaki wa kunikanusha isipokuwa Elkana, na yeye ameshasahau hata mambo aliyoyafanya. Lakini nilinyamaza. Niliahirisha siku baada ya siku mpaka Jumapili, na Jumapili akaleta gari, na walinzi wawili, akanisindikiza hadi kwenye kona. Yeye hakushuka. Alisema niende mimi, kwa kuwa wananijua.

Sufuria ilikuwa chini, imeshatolewa motoni, imefunikwa. Mama Solange alikuwa amepiga magoti karibu nayo, ananipa mgongo. "Imebakia ine," akasema bila kugeuka, yaani Salamu Maria nne. Nikamwambia mama, nimetumwa. Akageuka akatazama gari pale kona, akatazama walinzi, akanitazama mimi na viatu vyangu vya kazini siku ya Jumapili. Sijui alichokiona usoni mwangu, lakini alielewa kabla sijamaliza kusema. Hakupiga kelele. Aliinuka, akasogea pembeni ili nipite. Niliishika ile sufuria kwa upindo wa nguo yangu, nikaibeba mpaka nje ya uzio wa miiba, nikaanza kuiinamisha.

"Mwanga pole pole, Akai," akasema nyuma yangu. "Utajichoma ku miguu."

Nikamwaga polepole. Mchanga ulinywa mchuzi, makaroni yakabaki juu, na jibini ikavutika kutoka ukingoni mwa sufuria ikakataa kukatika. Walinzi wakatoa zile jibini mbili zilizokuwa zimehifadhiwa rafuni wakazitupa chooni. Nilimrudishia sufuria tupu. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa heshima, na hilo ndilo linalonikata maini hadi leo, kwamba hakunitukana. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kumjibu kichwani mwangu miaka yote hii. Jumapili iliyofuata sikwenda. Ya pili nikasema nina homa. Baada ya hapo sikuhitaji kusema chochote. Mkataba wangu ukaongezwa. Kabla mwaka haujaisha nilisikia Mama Solange ameondoka kambini, wengine wakisema amepelekwa nchi za baridi, wengine wakisema amerudi kumtafuta mwanawe, na mimi niliyekuwa na ruhusa ya kuingia kila ofisi sikuingia hata moja kuuliza.

Mwaka mmoja baadaye kikatoka kijitabu. Kilikuwa na michoro, mwanamume mwenye koti jeupe na wanawake wamemzunguka, na maelezo ya kupika nyama, makaroni na jibini katika sufuria moja ili kuokoa kuni na maji. Wanawake wamefundishwa, kiliandika. Nilipewa kazi ya kukigawa, nikakigawa. Nimekigawa Kakuma, nimekigawa Lodwar, nimewahi hata kukisoma kwa sauti mbele ya kina mama waliokuwa wakinitazama kwa adabu, na wote walikuwa wamezaliwa wakijua kuokoa kuni. Ukiniuliza mtu wa kwanza aliyemwibia Mama Solange ni nani, nitakutajia Elkana. Ukiniuliza nani alibeba mzigo wa wizi mlango kwa mlango, nitakuonyesha mabega yangu.

Kwa hiyo pale ukumbini, Elkana aliposimama kwa fimbo yake kueleza jinsi alivyowafundisha watu wasio na kitu kula kama wafalme, nikasimama pia. Sikuomba nafasi. Nilisema kile chakula si cha Elkana. Nilisema ni cha mwanamke wa Kongo aliyetupikia kambini, kwamba Elkana alikula kwake sahani mbili, na wiki moja baadaye akaamuru kimwagwe, na aliyekimwaga ni mimi, kwa mikono hii, nikaiinua watu waione.

"Akai, hayo ni ya zamani," akasema Elkana. "Ilikuwa mambo ya afya."

"Afya ya nani? Wewe ulikula ukafuta sahani kwa kidole!"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Mke wa Elkana aliweka chini kijiko. Elkana akaketi taratibu, akitafuta kiti kwa mkono. Nikajisikia mrefu. Nikajisikia nimelipa. Nakiri kwamba kwa dakika ile moja nilijipenda sana.

Binti wa mmoja wetu, aliyeandika zile kadi, akaja mezani. Aliiondoa ile ya Elkana bila kelele, akakunja nyingine nyeupe, akafungua kalamu.

"Pole, mama," akaniambia. "Sikujua. Wacha tuandike vizuri. Alikuwa anaitwa nani?"

"Mama Solange."

Akaandika Mama, akasita. "Solange ndiyo jina lake, ama la mtoto?"

"La mtoto."

"Sawa. Na lake yeye?"

Nilifungua kinywa. Nilijua alivyoshika kisu, nilijua alipenda mafuta ya pembeni, nilijua sauti yake ya kusali na wimbo aliouimba akisubiri maji. Nilikuwa nimeandika majina ya nusu ya watoto wa kambi kwa mkono wangu. Elkana aliinua uso akanitazama. Ukumbi mzima ulikuwa unanisubiri, na binti ameinama juu ya kadi, na kalamu yake imegusa karatasi.

"Sijui," nikasema. "Sikuwahi kumuuliza."